Kioo cha Ukumbini: Ubora na Udhaifu wa Filamu ya Profondo rosso (1975) kwa Mwanafunzi wa Historia

Filamu ya Dario Argento iitwayo Profondo rosso, yaani nyekundu iliyokolea, ilianza kuonyeshwa nchini Italia mwezi Machi 1975. Wanaoiandikia huzungumzia zaidi damu yake, rangi zake na muziki wa bendi ya Goblin. Insha hii inaiangalia kwa jicho la mwanafunzi wa historia: filamu ya mauaji ya kutisha inaweza kutueleza nini kuhusu jamii iliyoizaa, na inanyamaza wapi? Nitamtaja muuaji, kwa sababu bila kumtaja hoja yangu haisimami.

Waitaliano huiita hadithi ya upelelezi giallo, yaani manjano. Jina hilo lilitokana na majalada ya riwaya ambazo kampuni ya Mondadori ilianza kuzichapisha mwaka 1929. Utawala wa Mussolini haukupenda hadithi zilizoonyesha uhalifu, na mwaka 1941 mfululizo huo ulisimamishwa. Miaka ya sitini Mario Bava aliipeleka giallo kwenye sinema. Argento, ambaye hapo awali alikuwa mhakiki wa filamu gazetini, alifuata mwaka 1970, na Profondo rosso ni filamu yake ya tano.

Kisa chenyewe ni hiki. Marcus Daly, Mwingereza anayefundisha piano ya jazi mjini Roma, amesimama uwanjani usiku akizungumza na rafiki yake mlevi, Carlo. Wanasikia ukelele. Marcus anainua macho na kumwona jirani yake Helga Ulmann, mwanamke mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya watu, akiuawa dirishani. Anapanda mbio, anapita katika ukumbi uliojaa picha za nyuso, na kumkuta Helga amekwisha kufa. Baadaye anasisitiza kwamba kuna picha moja aliyoiona ukumbini na sasa haipo. Filamu nzima ni safari yake ya kuitafuta picha hiyo, akisaidiana na mwanahabari Gianna Brezzi.

Ubora mkubwa wa filamu umo katika jibu la fumbo hilo. Picha haikuibiwa, kwa sababu haikuwapo. Alichokiona Marcus ni kioo, na ndani ya kioo ulikuwamo uso wa muuaji mwenyewe. Argento hakutudanganya. Kamera ilipopita ukumbini mara ya kwanza, uso ule ulikuwapo, nasi tuliuona tukaupita kama Marcus. Sisi tunaofundishwa kukusanya masimulizi ya wazee tunapaswa kuitazama sehemu hii zaidi ya mara moja. Shahidi hasemi uongo; aliona kweli, ila jina alilokipa kitu alichokiona ndilo lililokosewa, na kadiri anavyorudia maelezo yake ndivyo kosa linavyozidi kukomaa. Pengine si bahati tu kwamba Marcus anaigizwa na David Hemmings, ambaye katika Blow-Up ya Antonioni (1966) alikuwa mpiga picha asiyejua alichokipiga.

Sehemu ya pili ninayoithamini ni ile ya nyumba ya kale isiyokaliwa na mtu. Marcus anakwangua lipu ukutani na chini yake anakuta mchoro wa mtoto: mtoto ameshika kisu, mbele yake mtu mzima anavuja damu, na kuna mti wa Krismasi. Anaondoka akiamini ameuona mchoro wote. Baada ya yeye kutoka, kipande kingine cha lipu kinaanguka, na mtu wa tatu anatokea. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha kwa ufupi hivi hatari ya kufunga jalada mapema. Carlo, aliyechora picha ile utotoni, anadhaniwa kuwa muuaji, na anakufa vibaya barabarani akiwakimbia polisi. Hapo ndipo Marcus anapokumbuka jambo ambalo alilijua tangu mwanzo: ukelele uliposikika, Carlo alikuwa naye uwanjani.

Ili kuona uzito wa jambo hilo kwa watazamaji wa mwaka 1975, tukumbuke walikuwa wakiishi katika nchi gani. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki ya Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Polisi waliwakamata wanaharakati wa siasa kali za kushoto, na mmoja wao, Giuseppe Pinelli, alianguka kutoka dirisha la makao ya polisi akafa. Uchunguzi wa baadaye ulielekea upande mwingine kabisa, kwa watu wa siasa kali za kulia. Mwezi Mei 1974 bomu jingine liliua watu 8 katika mkutano wa hadhara mjini Brescia. Argento hataji lolote kati ya hayo. Hata hivyo, mtuhumiwa asiye na hatia anayekufa, na polisi wasiosaidia kitu, havikuwa vitu vigeni kwa mtu aliyekata tiketi mwaka ule.

Uhusiano wa Marcus na Gianna nao una historia ndani yake. Mwaka mmoja kabla, takriban asilimia 59 ya wapiga kura walikuwa wamekataa kuifuta sheria ya talaka. Katika filamu Marcus anadai wanawake ni dhaifu. Gianna anamwalika washindane kwa mikono mezani, naye anamshinda. Kiti cha abiria cha gari lake dogo ni kibovu, kwa hiyo Marcus anakaa chini kama mtoto pembeni yake. Toleo lililouzwa nje lilikatwa zaidi ya dakika 20, nyingi zikiwa za wawili hawa. Anayelitazama toleo hilo anabaki na maiti na kukosa mabishano, na kwangu mabishano ndiyo bora.

Sasa udhaifu. Kuna ule mdogo: muuaji daima anafika kwa shahidi kabla ya Marcus, na hatuelezwi alijuaje. Hilo tunaweza kulisamehe. Nisilolisamehe ni maelezo ya mwisho. Muuaji ni Marta, mama yake Carlo, aliyemchoma kisu mumewe siku ya Krismasi kwa sababu alitaka kumrudisha hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi, yamekwisha: ni kichaa. Wakati huohuo daktari Franco Basaglia alikuwa akifungua milango ya hospitali ya Trieste, akidai kwamba hospitali zile zilikuwa magereza, na mwaka 1978 Italia ikapitisha sheria namba 180 ya kuzifunga. Marta alikuwa na sababu ya kuogopa kurudishwa kule. Filamu inaigusa sababu hiyo kwa sekunde chache, kisha inampa kisu cha bucha na kumkata kichwa kwa mkufu wake ulionaswa kwenye lifti.

Jambo hili linaudhi zaidi tukimkumbuka aliyemwigiza. Clara Calamai alikuwa nyota wa sinema enzi za Mussolini, na picha za ujana wake ambazo Marta anamwonyesha Marcus ni picha halisi za Calamai. Argento alikuwa na uso wa zama zile mbele ya kamera yake, na ndani ya ile nyumba alikuwa na chumba kilichozibwa kwa ukuta kikiwa na maiti ndani. Anatuonyesha ukuta unavyobomolewa. Nani aliujenga, na nani wengine walijua, haulizi.