Bei, Njia na Kitanda: Kifaransa cha Wasafiri wa Kale

Mwaka 1396, katika mji wa Bury St Edmunds mashariki mwa Uingereza, kiliandikwa kitabu kidogo cha kumfundisha Mwingereza Kifaransa cha safarini. Wakati huo vita na Ufaransa vilikuwa vimepoa: Mfalme Richard II alikubali mapatano ya miaka 28, akamwoa Isabelle, binti wa mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Watu wakaanza kufikiria tena kuvuka bahari. Kifaransa kililetwa Uingereza na Wanormani mwaka 1066, kikatawala mabarazani na mahakamani, lakini kufikia 1362 sheria ilishaagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Mtoto hakukipata tena nyumbani. Ilibidi afundishwe.

Ninachokipenda katika kitabu kile ni kwamba mwandishi wake hakurundika maneno na kumwachia mwanafunzi ayapange mwenyewe. Alitunga safari. Bwana anajiandaa kuondoka, mtumishi anatumwa atangulie kutafuta nyumba ya wageni, anaulizia malazi na chakula cha farasi. Kuna maneno ya kusema na vibarua, ya kusema na watoto, hata ya kugombana.

Mimi hufundisha Kifaransa jioni hapa Kariakoo. Wanafunzi wangu ni madereva wa malori yaendayo Lubumbashi na Kolwezi, mautingo wao, na kina mama wenye biashara Bujumbura. Huko kote Kiswahili kinasikika, lakini karatasi za ofisini zina Kifaransa, na mfanyabiashara wa Lubumbashi anaweza kuzungumza nawe Kiswahili kitupu, akifika kwenye bei akahesabu kwa Kifaransa. Kwa hiyo vitabu vile vya kale navisoma kama mtu wa kazi moja na walioviandika. Walikuwa walimu wa watu wenye haraka.

Wafanyabiashara waliijua haraka hiyo kuliko mabwana. Katika karne ya 14, huko Bruges, mji wa vitambaa na meli, mwalimu mmoja alitunga kitabu cha Kifaransa na lugha ya Flanders, safu mbili sambamba. Aliwapanga watu kwa herufi za majina yao, na kila jina likaja na kazi yake: mfumaji, mwokaji, fundi viatu, wanaume kwa wanawake. Kujifunza Kifaransa kukawa kama kupita mtaani na kusimama mlango kwa mlango. William Caxton, Mwingereza aliyefanya biashara Bruges miaka mingi kabla ya kupeleka uchapaji kwao, alichapa kitabu cha jinsi hiyo cha Kifaransa na Kiingereza kwenye miaka ya 1480. Nacho kilianza na salamu, na hapo ndipo panapostahili. Hadi leo ukiingia duka la Mfaransa ukauliza bei kabla ya kusema bonjour, umeanza vibaya.

Lakini mwalimu wetu sote ni Noël de Berlaimont wa Antwerp. Alifariki mwaka 1531, na kitabu chake kikaendelea kukua bila yeye. Kwanza kilikuwa cha Kifaransa na lugha ya Flanders. Baadaye wachapaji wakaongeza Kilatini, Kihispania, Kiitalia, Kiingereza, Kijerumani na Kireno, hadi kukawa na matoleo ya lugha nane. Kilichapwa zaidi ya mara mia, mara nyingi kwa umbo dogo, pana kuliko refu, la kuingia mfukoni. Ndani yake watu kumi wanakaa kula pamoja. Mwanamke anauza kitambaa. Mnunuzi anauliza bei ya dhiraa moja, anatajiwa, anasema ni ghali, wanavutana. Halafu linakuja somo ambalo sijalikuta katika vijitabu vinavyouzwa viwanja vya ndege: mtu anakwenda kudai deni lake, na mdaiwa anaomba muda. Berlaimont alijua kuwa biashara haiishii kwenye kununua.

London, mkimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa, Claude de Sainliens, aliyejiita Claudius Hollyband, alifungua shule na mwaka 1573 akatoa kitabu chake cha mazungumzo. Alishughulikia lile linalowatesa wanafunzi wangu kila jioni, yaani herufi zinazoandikwa na zisitamkwe. Katika vitabu vyake aliweka alama ndogo ya msalaba chini ya herufi za kimya. Mimi nazipigia mstari kwa chaki nyekundu: s na t za mwisho, pamoja na lile e la combien (kiasi gani), ambalo si la kimya ila halisikiki kama e yetu.

Mazungumzo ya Antwerp yalifika hata bahari yetu. Mholanzi Frederick de Houtman, aliyefungwa Aceh kati ya 1599 na 1601, alichapisha mwaka 1603 kitabu cha Kimalei na Kimalagasi, na mazungumzo yake aliyajenga juu ya yale ya Berlaimont.

Katika karne ya 19 alikuja msafiri wa kutembea tu, na vitabu vikamfuata hotelini: vyumba, mabehewa, mizigo. Mwaka 1943 jeshi la Marekani likawachapia askari wake kijitabu cha Kifaransa chenye maneno ya kuomba msaada na ya kusema nimejeruhiwa. Kilifaa, na sikidharau. Ila sentensi inayosimama peke yake humwacha msafiri pale pale mwenzake anapojibu, maana hakufundishwa jibu.

Ndiyo sababu sitoi orodha darasani. Mmoja anauza, mmoja ananunua. Combien le mètre? Mita moja bei gani? C'est trop cher. Ni ghali mno. Kisha wanabadilishana nafasi, aliyeuza ananunua. Baada ya hapo tunafanya somo la deni, na hilo kina mama wa Bujumbura hulidai wenyewe, kwa sababu wateja wao huko huchukua mzigo leo na kulipa mwisho wa mwezi.