Gari la Bibi, Gari la Bwana: Asili ya Dhana Moja huko Marekani

Kwamba gari fulani ni la kiume na jingine la kike ni jambo ambalo wengi hulichukua kuwa la maumbile. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ilitungwa, tena katika muda ambao miaka yake yaweza kutajwa. (Kifaransa huiweka *voiture* katika jinsia ya kike, ilhali ngeli zetu haziulizi kama gari ni dume au jike.)

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa 4,192: za mvuke 1,681, za umeme 1,575, na za petroli 936 tu. Wakati huo gari la umeme lilikuwa gari la tajiri wa mjini, basi.

Gari la petroli lilikuwa na kero yake. Dereva alisimama mbele, akatia chuma kilichopindwa, akaizungusha injini kwa nguvu. Ikirudi nyuma ghafla, iliweza kumvunja mkono. La umeme liliondoka kimya, bila moshi wala gia za kubadili. Wenye viwanda wakalitangaza kuwa ndilo limfaalo bibi aendaye madukani au kuamkia rafiki zake. Detroit Electric, lililoanza kuuzwa mwaka 1907, lilikuwa na kibanda cha vioo na viti vilivyopangwa mfano wa sebule. Hata Clara, mke wa Henry Ford, aliendesha la mwaka 1914, huku mumewe akiijaza nchi magari ya petroli!

Hapa ndipo penye kiini. Upungufu wa gari, yaani mwendo mdogo na betri inayokwisha upesi, ulihamishiwa kwa mwanamke: yeye, ilidaiwa, hana safari ndefu. Lakini mwaka 1888 Bertha Benz alikwisha safiri kwa gari la petroli kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, pamoja na wanawe wawili, akizibua mrija wa mafuta kwa pini ya kofia. Na mwaka 1909 Alice Ramsey, mwenye miaka 22, aliendesha Maxwell kutoka New York hadi San Francisco kwa siku 59. Wenzake watatu, wanawake pia, hawakujua kuendesha.

Mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari la petroli lenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Kifaa kilichosifiwa kwa kumpunguzia mwanamke taabu kikapendwa na wanaume vilevile, ingawa Model T ya Ford haikukipata hadi mwaka 1919. Gari la umeme likapoteza ubora wake mkubwa, likabaki na jina la kike. Hatusemi kwamba jina hilo peke yake ndilo lililoliua: bei nafuu ya Model T na ukosefu wa umeme mashambani vilitenda zaidi. Detroit Electric liliendelea kuuzwa, kwa uchache, hadi mwaka 1939.

Leo kobalti ya Lualaba huingia katika betri za magari mengi ya umeme, na matangazo huyasifu kwa kasi na nguvu, sifa zile zile zilizotengewa petroli na wanaume wake.