Kidonge cha Doha

Sisi wa Tunduma tunakimbia alfajiri, kabla foleni ya malori ya Zambia haijaamka. Baridi ya huku inatudanganya. Shuka bonde la Rukwa, kule Kamsamba, uone joto.

Tukumbuke Doha, 27 Septemba 2019. Marathoni ya wanawake ilianza saa 5:59 usiku kulikwepa jua, wapi! Nyuzi 32 hivi, na unyevu mkali. Walianza 68, wakamaliza 40. Alishinda Ruth Chepngetich wa Kenya. Kwenye mashindano yale baadhi ya wanariadha walimeza kidonge chenye kipimajoto ndani, watafiti wakasoma joto la miili yao. Jambo jema, maana likizidi nyuzi 40 mkimbiaji yuko hatarini. Kanuni nazo zinaruhusu kukimbia na saa ya kupima mapigo ya moyo.

Ila haki iko wapi? Mwenye vifaa hivyo mazoezini anaujua mwili wake unakoishia. Mwenzetu mmoja alianguka Kamsamba saa saba mchana, akiweweseka. Tulimmwagia ndoo ya maji. Kipimo chetu kilikuwa kiganja, juu ya paji la uso wake.