Metali Iliyojificha Ndani ya Nduguye

Leo nataka kuwasimulia khabari ya metali iliyokaa mafichoni zaidi ya miaka 130, na wataalamu wakiishika mikononi mwao wasiijue. Kilichoificha ni ukubwa wa atomu zake.

Atomu, kama mjuavyo, ni chembe ndogo mno ambazo kwazo vitu vyote vimefanyika. Katikati mna kiini, na kukizunguka mna elektroni, zimepangwa tabaka juu ya tabaka mithili ya kitunguu. Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alizipanga elementi katika jedwali. Na mwaka 1870 Mjerumani Lothar Meyer akachora mstari wa kuonyesha nafasi ishikwayo na atomu za kila elementi. Mstari ule ulipanda na kushuka kama vilima: sodiamu kileleni, potasiamu kileleni, na baina yao bonde. Sababu ilijulikana baadaye. Ukienda kuume katika safu moja, nguvu ya kiini huzidi, nacho huzivuta elektroni karibu. Ndiyo maana upana wa atomu ya klorini ni kama nusu tu ya ule wa sodiamu. Ukishuka safu ya chini, tabaka jipya huongezwa, na atomu hunenepa.

Kwa kanuni hiyo elementi ya 72, iliyo chini ya zirkoniamu, ingalikuwa kubwa kuliko zirkoniamu. Walakini sivyo. Kabla ya kuifikia hupita elementi 14 ambazo elektroni zao mpya huingia tabaka la ndani, nazo hazizuii vema mvuto wa kiini. Atomu husinyaa kidogo kidogo, hata unene wote ulioletwa na tabaka jipya ukaliwa. Basi hizi mbili zikawa sawa kwa upana na kwa tabia. Hakuna chekecheke litenganishalo punje zilizo sawa.

Martin Klaproth aliitambua zirkoniamu mjini Berlin mwaka 1789, asijue kwamba mna mgeni ndani yake. Georges Urbain wa Paris alidai mwaka 1911 kuwa ameipata elementi iliyokosekana, lakini katika madini ya namna nyingine. Mwaka 1914 alimpelekea Henry Moseley huko Oxford, kijana aliyevumbua njia ya kuzihesabu elementi kwa eksirei. Alama ya 72 haikuonekana. Mwaka uliofuata Moseley aliuawa vitani Gallipoli.

Niels Bohr wa Copenhagen ndiye aliyeonyesha kwa hesabu zake kwamba itafutwe penye zirkoniamu. Dirk Coster na George de Hevesy wakaipiga eksirei, na alama zikatokea. Bohr alikuwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel; wakampigia simu, naye akaitangaza katika hotuba yake ya tarehe 11 Desemba 1922. Ikaitwa hafniamu, kwa jina la Copenhagen katika Kilatini. Wafaransa hawakukubali upesi.

Kuitenga kulikuwa taabu nyingine: kuyeyusha na kugandisha fuwele tena na tena. Hata leo viwanda hugharimika sana, kwani zirkoniamu hutumika kufanya mabomba ya kutilia urani katika mitambo ya nguvu za atomu. Zirkoniamu huziacha neutroni zipite, hafniamu huzimeza.