Simba Mwenye Shamba

Novemba 1950, jarida la wavulana la Manga Shonen lilitoa sura ya kwanza ya Jungle Taitei, kwa Kiswahili tuseme Mfalme wa Msituni. Mchoraji wake, Osamu Tezuka, alikuwa mwanafunzi wa udaktari Osaka, na mwezi huohuo alitimiza miaka 22. Japani ilikuwa bado chini ya majeshi ya Marekani, kusafiri nje ilikuwa ndoto, kwa hiyo Afrika yake ilitoka kwenye vitabu na sinema. Ndiyo maana simba wake wanakaa msituni. Sisi wa huku tunajua simba ni mnyama wa nyika.

Panja, simba mweupe, anauawa na wawindaji. Mkewe anapakiwa melini na kumzaa Leo baharini. Leo anakua, anaishi na binadamu, anajua lugha yao, kisha anarudi kutawala. Waafrika wamo pia katika kurasa hizo, wamechorwa midomo mikubwa na macho ya kutumbua. Siku hizi kazi za Tezuka huchapishwa zikiwa na maelezo kuhusu michoro ya namna hiyo. Wanyama wana majina na mawazo. Watu weusi ni mapambo ya pori.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika nayo ilichora pori lake: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Ngorongoro ikiwa ndani. Sisemi kwamba maofisa wale walisoma katuni za Kijapani. Nasema picha ilikuwa moja, ya nchi ambayo mwenyewe ni mnyama.

Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo ambamo watu na wanyama wangeishi pamoja. Lakini mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku humo. Mwaka 1992 vishamba vya jembe la mkono vikaruhusiwa, maana njaa ilikuwa imebisha hodi. Mwaka 2009 marufuku ikarudi. Ukitoka Karatu kwa gari utapita mahindi, ngano na kahawa hadi karibu kabisa na lango la Loduare. Ukivuka lango, hakuna hata tuta la viazi.

Hapo ndipo Leo ananishangaza. Katika katuni ya televisheni iliyotokana na manga hiyo, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1965, anawafundisha wanyama kulima ili wasilane wenyewe kwa wenyewe. Wanapanda, nzige wanavamia, wanahangaika kuokoa mazao kama mkulima yeyote wa Mang'ola. Tezuka alimpa simba jembe, na watoto wa Japani hawakuona ajabu.

Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi wanakana. Kila kaya inayofika inapewa nyumba, na shamba la kulima.