Kikompyuta cha Kariakoo, na kwa nini mpwa wangu aliandika "meme"

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, nipo. Ni UE tu zilinikaba, halafu likizo nikaenda nyumbani Rukuba ambako mtandao ukiutaka inabidi ukapande juu ya mawe kama kima. Leo sina stori za kantini. Nina jambo limenikaa kichwani tangu likizo, na kwa vile nasoma historia, imebidi nilifuatilie mpaka mwanzo wake. Nivumilieni, ni ndefu kidogo.

Kwa wasiopajua, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, Musoma Vijijini, kata ya Etaro. Unapandia boti Mwigobero pale Musoma mjini, unakaa juu ya magunia na kreti za soda, unaomba Mungu ziwa litulie. Kazi yetu ni samaki na dagaa. Ukikuta mahali wameandika "Lukuba" usishangae, ni hapo hapo. R na l sisi wa Mara hazitusumbui, zinawasumbua wanaotusikiliza, hahaha. Ila likumbuke hilo la r na l, nitalirudia.

Basi bumu lilipotoka, kabla halijaisha (mnajua lenyewe halikawii), nilikwenda Kariakoo nikamnunulia mpwa wangu kikompyuta cha plastiki. Ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la kwanza. Mnavijua vile vikompyuta: rangi ya waridi, vitufe vya herufi, ukibonyeza kinaongea na kupiga muziki. Niliuziwa 15,000 baada ya kubembelezana sana. Nilijiona mjomba wa maana. Mtoto alilala nacho, alikula nacho, akakipeleka mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Kuanzia alfajiri ni "ei, apple! bi, ball!" mpaka Bibi akauliza kama hicho kitu hakina mahali pa kukinyamazisha.

Wiki mbili baadaye nikampa daftari nikamwambia aandike "mimi". Akaandika "meme". Nikamwambia aandike "kiti". Akaandika "kete". Nikadhani ananitania. Dada akasema mtoto amepumbazwa na muziki. Mimi nikachukua kile kikompyuta nikabonyeza E. Kikasema "ii". Nikabonyeza I. Kikasema "ai".

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mtoto hakukosea chochote. Ameambiwa na mashine anayoiamini kuliko mjomba kwamba sauti ya "i" inaandikwa kwa E, naye amefuata. Kati ya vokali zetu tano, kikompyuta kinampoteza kwenye nne. O peke yake ndiyo imeponea chupuchupu. Na kikompyuta nacho hakikosei, kinafundisha Kiingereza. Kosa ni la aliyekinunua.

Niliporudi chuo nikaanza kutafuta hivi vitu vilitoka wapi. Miaka ya 1960 kulikuwa na mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, anaitwa Omar Khayyam Moore (ndiyo, ndilo jina lake). Alitengeneza taipureta inayoongea: mtoto wa miaka mitatu au minne anabonyeza herufi, mashine inaitamka. Ilikuwa kubwa na bei yake ilikuwa makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo haikuwa kitu cha kumpelekea mpwa.

Kilichobadilisha mambo ni chipu. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ilitoa Speak & Spell, kimashine chekundu cha kushika mkononi, kilichoigiza sauti ya binadamu kwa chipu moja tu. Kinatamka neno, mtoto anabonyeza herufi zake moja moja, kinamwambia amepata au amekosa. Walioangalia sinema ya E.T. ya mwaka 1982 wamekiona, ndicho yule kiumbe alichotumia kuunda simu ya kupiga kwao. Halafu miaka ya 1990 akaja mwanasheria wa California, Michael Wood, ambaye mwanawe mdogo alikuwa anashindwa kuunganisha herufi na sauti. Akaanzisha kampuni ya LeapFrog, na mwaka 1999 ikatoa LeapPad, kitabu cha karatasi kinachowekwa juu ya mashine, mtoto anagusa neno kwa kalamu na neno linasomwa. Kiliuzika vibaya mno. Mwaka 2016 LeapFrog ilinunuliwa na VTech ya Hong Kong. Hivi vya Kariakoo ni wajukuu wa ukoo huo, wajukuu wa nje ya ndoa.

Sasa angalieni Speak & Spell inatibu ugonjwa gani. Inatibu ugonjwa wa tahajia ya Kiingereza, ambapo neno linatamkwa hivi na kuandikwa vile, na mtoto anahangaika nalo miaka. Sisi ugonjwa huo hatuna. Mtoto wa Kiswahili akishika a, e, i, o, u, halafu ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, mlango umefunguka. Anasoma hata maneno asiyoyajua maana. Kwa hiyo nilimpelekea mpwa wangu dawa ya ugonjwa wa watu wengine, nayo ikamletea ugonjwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwetu jambo hili lilishajulikana zamani. Kati ya 1968 na 1972 UNESCO na UNDP walikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yake Mwanza, katika mikoa ya kanda ya ziwa, Mara ikiwemo. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu mzima asifundishwe kusoma kwa maneno yanayoelea hewani, afundishwe kwa maneno ya kazi anayoifanya. Mkulima wa pamba akapewa kitabu cha pamba, mvuvi akapewa cha uvuvi. Bibi yangu aliolewa kisiwani akitoka upande wa Majita, na anachokikumbuka mpaka leo ni ukurasa wenye neno "pamba". Anasema walilikata: pa, mba. Kisha pa ikazaa pe, pi, po, pu. Siku aliyoweza kuandika jina lake hakumwambia mumewe, alikaa na siri hiyo wiki nzima ndiyo akamwonyesha.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kabla ya mwisho wa 1971. Mbili kati yake ni visiwa, Mafia na jirani zetu Ukerewe. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana, wapi? Musoma! Pale pale tunaposhukia boti. Azimio la Musoma ndilo lililosema elimu ya msingi kwa wote isingoje mwaka 1989 kama ilivyopangwa, iwe imefika ifikapo Novemba 1977. Miaka kumi na miwili ikakatwa kikao kimoja.

Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya 30,000, wakafundishwa vijijini huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Watu wakawacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nami nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki sana. Ukifikiria vizuri, redio ile ndiyo chombo cha umeme kilichosaidia watoto wa nchi hii kujua kusoma, tofauti ni kwamba kilimfundisha kwanza mwalimu. Mwaka ule ule wa 1978 Wamarekani walipokuwa wanaipokea Speak & Spell, huku kwetu darasa lina mwalimu kijana, redio na ubao, na kabla mwaka haujaisha Amin kaingia Kagera na nchi iko vitani. Pamoja na hayo, takwimu za serikali za 1986 zilisema watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Ubora tubishane, hata mimi ninabisha. Lakini walisoma kwa Kiswahili, kwa silabi.

Mikondo hii miwili, wa vichezeo na wa silabi, ilikuja kukutana Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, sehemu kubwa ikitoka kwa Elon Musk: tengeneza programu ya tableti itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Zikabaki timu tano, kila moja ikapata dola milioni moja, na uwanja wa majaribio ukawa Tanzania, kwa Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zilizotolewa na Google, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Waliosimamia pamoja na serikali ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na, haya, UNESCO. Wale wale wa kitabu cha pamba cha Bibi.

Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi hiyo ya wasioweza hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakatangazwa wawili, wakagawana dola milioni 10: onebillion ya Uingereza, ambao walikuwa wameshafanya kazi Malawi, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na mume na mke Wakorea walioishi Marekani, waliokuwa wanamtengenezea mtoto wao aliyezaliwa na matatizo ya kujifunza. Kama yule Wood na mwanawe. Naona vifaa vizuri vya namna hii vinaanzia kwa mzazi aliyekaa na mtoto mmoja aliyekwama.

Nusu si haba hata kidogo. Watoto wasio na darasa, nusu yao wakatoka gizani! Ila nilipokuwa naisoma kule maktaba nilisimama hapo hapo: na nusu nyingine? Tableti ilikuwa mikononi mwao miezi 15, inaongea Kiswahili, bado karibu mtoto mmoja kati ya wawili hawezi neno. Wanaosema kifaa kitachukua nafasi ya mwalimu hawaitaji nusu hiyo. Malawi wao wameendelea na programu ya onebillion, lakini ndani ya shule za serikali, mwalimu akiwepo.

Timu moja ya fainali ilikuwa RoboTutor, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, yenyewe ilikuwa inamsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Nikamfikiria mtoto wa kwetu mbele ya mashine hiyo. Imwandikie "kula", naye asome "kura" kama tunavyosema sote, mwalimu wake akiwemo. Sijui ingempa alama au ingemrudisha mwanzo mara hamsini mpaka akakitupe ziwani. Ndiyo maana nimefurahi kwamba programu za fainali ziliachwa wazi, yeyote anaweza kuzichukua na kuzirekebisha. Rumeti wangu wa kompyuta ameshaipakua moja na anahangaika nayo kwenye tableti yangu iliyopasuka kioo. Mpaka leo usiku inawaka, inazima.

Na mpwa wangu? Kabla sijaondoka Bibi alichukua jambo hili mikononi mwake. Aliokota vizibo vya soda, akaniambia niandike silabi juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Tukaanza na da, kwa ajili ya "dagaa", maana pamba siku hizi hakuna anayelima kisiwani. Siku ya kwanza mtoto alikuwa anabonyeza vizibo, anasubiri viongee. Bibi akawa anavisemea yeye. Siku ya nne akapanga "mi" mbili, akaziangalia, akasema "mimi", akacheka mwenyewe. "Meme" bado inarudi akiwa amechoka.

Jioni ya mwisho akaniuliza, "Mjomba, hapa kwetu panaanza na kizibo gani?" Nikamwekea viwili, ru na lu. Akavisoma vyote viwili sawasawa kabisa, kwa sauti moja. Nikamwambia shuleni wanaandika hiki cha ru, akakichukua akakitia mfukoni.

Kikompyuta kipo juu ya kabati. Betri zake Bibi ameziweka kwenye redio.

Haya, wacha niwahi foleni, leo kantini kuna wali maharage. Mwenye kuelewa mambo ya tableti zinazojizima aje chumbani, rumeti amekwama.