Rasilimali watu na ukuaji wa uchumi

Rasilimali watu ni elimu, ujuzi na afya vinavyomwezesha mtu kuzalisha zaidi. Theodore Schultz, mmoja wa waasisi wa nadharia ya rasilimali watu, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979. Tanzania ni mfano wenye utata. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. Uandikishaji ukapanda kwa kasi, walimu wengi wakifunzwa huku wakifundisha. Hata hivyo uchumi ulidorora, kwani mafuta ghali, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda na sera za ndani viliulemea. Elimu pekee haikutosha, kwani msomi asiye na mtaji wala soko huzalisha kidogo. Hata hivyo juhudi za kupanua elimu ziliendelea: ada ya shule ya msingi, iliyorejeshwa miaka ya 1980, ilifutwa 2001. Ya sekondari, hadi kidato cha nne, ikafutwa 2016.